Tope Lililokataa Kukamuka

Kwa miaka mingi Mama Chujio, kama wenzake wanavyomwita, amekamua uchafu ambao mji mzima hujifanya haujautoa. Tope la maji taka ni mkono wa birika: maji yake halitoi hivihivi. Ndiyo maana yeye hulitia dawa ligande mabongebonge, kisha mashine hulibana kati ya mikanda hadi likauke, lipakiwe kwenye lori. Kabla ya kuwasha mashine humimina kidogo kutoka jagi hadi jagi, aone kama mabonge yanajitenga na maji.

Msimu wa mvua ulipoanza, wakubwa wa ununuzi walileta unga mwingine wa dawa bila kuujaribu. Jagini ukabaki uji wa kijivu.

"Ongeza dawa," msimamizi akaamuru.

Mama Chujio akaitia zaidi, naye pia akiamini kwamba kidogo kikishindwa, kingi kitaweza. Kumbe dawa ikizidi huharibu. Tope likateleza kama bamia, likachuruzika pembeni mwa mikanda.

"Bosi, hapa tunapika mlenda."

"Acha mzaha. Tangi la tope limejaa."

"Ile dawa ya zamani je?"

"Imeagizwa."

"Imefika wapi?"

"Kwenye karatasi," fundi wa pampu akadakia, akacheka peke yake.

Mvua ikazidi. Tangi likifurika, tope lingeingia chumba cha pampu chenye umeme. Njia iliyobaki ilikuwa valvu ya kumwagia mtaroni, na mtaro huo hupita kando ya kisima cha mdogo wake.

"Fungua, Mama Chujio," msimamizi akasema.

Akampigia simu mdogo wake kwanza. "Msiteke maji."

"Mpaka lini, dada?"

"Sijui."

"Si uko hukohuko? Waambie!"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema nifungue."

Hii msiniambie ni ajali. Ajali haina sahihi ya mkubwa. Waliopitisha unga ule walikuwa ofisini, pakavu, na mwanamke mmoja akaachiwa gurudumu la valvu ili mkono wenye lawama uwe wake.

Akalizungusha. Tope likatoka kwa uzito, halafu kwa kasi. Simu ilikuwa bado sikioni. Alimsikia mdogo wake akikimbia, akiwapigia watoto kelele waondoe ndoo, wafunike kisima kwa bati.

"Dada, funga kidogo basi! Dada!"

Alitazama tangi. Lilikuwa halijapungua hata kiganja.

"Siwezi, mdogo wangu," akasema.