Winchi ya Nanga

Asubuhi hii fundi jirani yangu hapa Sumbawanga amefungua kopo la grisi, na harufu yake imenirudisha Kabwe, kando ya ziwa, kwenye mashua ya tanga ya baba.

Mama alikuwa ameshafariki, tulibaki wawili. Mimi nilisugua kutu kwenye winchi ya nanga na kuyapaka meno yake grisi. Tukitaka kuondoka, baba alishika mpini mmoja na mimi wa pili, tukazungusha pamoja, mnyororo ukapanda ukiwa wa baridi, umejaa matope ya ziwa.

Siku shangazi alipokuja kunichukua nikasome mjini, nilipaka grisi nyingi mno.

“Inatosha, mama,” baba aliniambia.

“Nataka iwe laini. Utazungusha peke yako.”

Alinibeba mgongoni hadi ufukweni, akanikabidhi kwa shangazi, akarudi kwenye mashua.

Tulimwona akizungusha, akipumzika, akizungusha tena.

“Twende, gari litatuacha,” shangazi alisema.

Nilimwomba tungoje kidogo. Nanga ilikuwa imeshatoka majini, lakini baba alikuwa bado ameinamia winchi, hainuki.