Miguu ya Mafabi Ndani ya Gunia

Hamjambo mama zangu, dada zangu, na wewe mzee uliyekuja kumchukua mke wako ukaamua kukaa. Naomba kimya kidogo. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo, hakuna shida. Haya nitakayosoma nimeyaandika mwenyewe kwa hii penseli mnayoiona, na nitayasoma mwenyewe. Nikikwama kwenye neno, msinitajie. Nitafika.

Mnakumbuka juzi mwalimu wa afya alikuja hapa darasani kwetu Walukuba kutufundisha kuongeza vitu vibichi, vilivyochipua na vilivyochacha kwenye chakula chetu cha kila siku. Alileta choroko zilizoota mikia, tukatafuna, na Mama Akello, mke wa afande wa magereza, akasema zina ladha ya majani ya mbuzi. Tukala na karoti bila kupika. Halafu mwalimu akatoa wimbi lililochipua, akasema tulitwange bichi, tulitie kwenye uji wa mtoto, unaobaki tuuache uchache mpaka asubuhi.

Hapo ndipo mlipoanza.

"Kwa hiyo na malwa, pombe ya wimbi ya mume wangu, ni dawa?" aliuliza Mama Akello.

"Dawa gani, na anarudi nyumbani kwa magoti?" mmoja wenu akamjibu.

Mlicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Mimi sikucheka, na mkaniuliza nina nini. Sikuwa na jibu siku ile. Nimekaa na penseli, na jibu bado halijanyooka, lakini nitawaambia lilivyo.

Nilipokuwa mtoto, kimea hakikuwa chakula. Kilikuwa mtu.

Baba yangu alikuwa Mgisu wa Mbale, akifanya kazi kiwandani hapa Jinja. Mama ni Msoga wa Budondo. Baba alishindwa na Kisoga, mama alikataa kabisa Kigisu, basi nyumbani tukakua na hiki Kiswahili chetu cha kuungaunga. Tulikuwa watoto watatu: Mafabi kaka yetu mkubwa, mimi katikati, na Nandudu kitinda mimba. Nandudu alishapita umri wa kutembea lakini hata kusimama alikuwa hawezi. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mwiko. Mama alimpikia uji mzito, akala vijiko viwili akachoka, akageuza uso. Mama akiuongeza maji, mtoto anakunywa, tumbo linajaa, na baada ya muda mfupi analia tena. Majirani walishaanza kumwangalia mama kwa yale macho ya pole.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Mafabi kutahiriwa. Kwa Wagisu, kijana anasimama uani mbele ya watu wote, wanaume kwa wanawake, na hatakiwi kutikisika hata ukope. Akitikisika, ukoo mzima unaibeba aibu hiyo, na yeye anaimbiwa wimbo wa kumcheka mpaka azeeke. Kwa hiyo tulifunga nyumba, tukapanda kwenda Mbale, mlimani kwa mama yake baba. Tulimwita Kukhu, yaani bibi.

Tulikuta Kukhu ameshaloweka wimbi la sherehe. Alimtuma Mafabi mwenyewe kuteka maji yake mtoni, kisha akalitia kwenye gunia, akalifunika kwa majani ya mgomba, akaweka jiwe juu, pembeni ya jiko lake. Likishachipua linaanikwa, linasagwa, linakuwa kimea. Ndicho kinachotengeneza pombe ya wageni, na ndicho anachopakwa kijana mwilini siku yake ikifika.

Kukhu aliniita. "Hapa amelala kaka yako. Usimwamshe."

Nilichungulia nje. Mafabi alikuwa uani anatafuna muwa.

"Kukhu, Mafabi si yule?"

"Yule ni wa nje. Huyu ndiye mwenyewe."

Aliinua ncha ya jani. Punje zilikuwa zimeanza kutoa vitu vyeupe, vidogo kama nyuzi. "Unaona? Hiyo ni miguu yake. Miguu inatoka kwanza, kichwa baadaye. Mtu akikila hiki kikiwa kibichi, kabla hakijakauka juani, amekula miguu ya Mafabi. Na siku ile atasimama kwa miguu gani?"

Sikuelewa, lakini niliamini. Mtoto anaweza hayo mawili pamoja. Tangu saa hiyo nikawa naangalia miguu ya Mafabi, kisha naangalia gunia, kisha naangalia tena miguu ya Mafabi, mpaka akaniuliza kama ana tope.

Mchana mmoja Mafabi alivaa kengele zake mapajani, vijana wakamzunguka, wakaondoka wakicheza ngoma kwenda kwa wajomba. Watu wote wakafuata. Tulibaki mama, Nandudu na mimi. Mama alimlisha uji, Nandudu akageuza uso. Akajaribu tena, akageuza. Mama akaweka kijiko chini. Alikaa hivyo, mikono kwenye magoti, kama mtu anayesubiri gari ambalo ameshajua haliji. Halafu akasimama, akaondoa jiwe, akafunua majani, akachota.

"Mama, hiyo ni miguu ya Mafabi."

"Ni wimbi," mama alisema. "Kwetu Budondo mtoto asiyeshiba anapewa hii."

Alilitwanga bichi kwenye kinu. Harufu yake ilikuwa ya majani yaliyokatwa sasa hivi, na utamu kidogo. Akalitia kwenye uji uliopoa na kubaki vuguvugu, uji uliokuwa umesimama kama posho, yaani ugali, akakoroga. Nawaambia nilichokiona: uji ule ulilegea mbele ya macho yangu. Hakuongeza tone la maji, lakini ulianza kutiririka kutoka kwenye kijiko. Nilidhani ni uchawi. Nandudu alikunywa kikombe kizima, akalamba ukingo. Mama akafunika uliobaki.

Mimi sikuangalia kikombe. Niliangalia miguu ya Nandudu.

Jioni Kukhu alirudi, na kabla hajavua hata kitambaa cha kichwani akaliona jani. Lilikuwa limelala upande mwingine.

"Nani ameingiza mkono hapa?"

"Ni mimi, mama," mama yangu alijibu. Hakujificha. "Mtoto wangu tumbo limejaa na bado ana njaa."

"Wimbi kavu liko kwenye kapu, tele. Kwa nini hili?"

"Kavu halilegezi uji."

"Nyinyi Wasoga! Mnakula hata kitu kinachopumua."

"Na nyinyi Wagisu mnawekea wageni pombe, mtoto wa nyumbani analala na njaa."

Nilitaka ardhi inimeze. Kukhu hakupandisha sauti. Alirudisha jani mahali pake, akalipigapiga kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto, akasema, "Sikia, mke wa mwanangu. Goti la huyu kijana litacheza mbele ya watu. Mimi nimeshasema."

Asubuhi mama alikwenda kuteka maji. Nandudu aliamka analia. Kukhu akampa ule uji uliobaki, ambao ulikuwa umeshachacha. Mtoto akaumaliza, akawa anagonga kikombe chini, anataka mwingine. Kwa maisha yake yote mafupi, hatukuwahi kumwona anadai chakula. Kukhu alimwangalia sana. Nje tulisikia kengele za Mafabi anafanya mazoezi. Kukhu akageuza kichwa kule kwenye kengele, akarudi kumwangalia Nandudu.

Halafu akapiga magoti mbele ya gunia. Akaongea nalo kwa Kigisu, polepole, kwa sauti ile anayotumia mtu akimkanyaga mwenzake kwa bahati mbaya. Akaondoa jiwe. Akachota kwa mikono miwili.

Aligeuka akanikuta nimesimama mlangoni.

"Unaangalia nini? Leta kinu."

Nikaleta kinu. Ningefanya nini? Aliyekataza ndiye aliyekuwa anatwanga. Kichwa changu kilikuwa kama kile kinu, kila kitu kimo ndani na kila kitu kinapigwa.

Siku ya Mafabi ilifika. Alisimama uani amepakwa kimea usoni na kifuani, mikono ameinua juu na fimbo yake, macho mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya sketi ya mama, naona kutoka magotini kwenda chini tu. Na nililiona. Goti la kushoto lilicheza mara moja, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akakaza, akasimama kama mti mpaka filimbi ya kumaliza ilipolia.

Kelele zilizofuata sizisahau.

"Ameogopa!"

"Ameogopa wapi? Ardhi ililegea, jana mvua imenyesha!"

"Mvua inaingia kwenye goti?"

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuja mbio mpaka mbele ya mama, kidole juu. "Ni huyu Msoga! Mtoto wa kike amelishwa miguu ya mvulana. Watoto wanasema alifunua gunia."

Mama aliangalia chini. Ndipo Kukhu akasema, hapo hapo alipokaa kwenye mkeka, bila hata kusimama, "Mkono uliochukua ni wangu."

"Mama? Wewe?"

"Mimi. Kwa mikono miwili. Una swali lingine?"

Baba mdogo alishusha kidole. Mama aliinua uso akamwangalia Kukhu, na mpaka leo sijaona mtu akimwangalia mwingine vile.

Tuliporudi Walukuba, mama aliendelea na uji ule kila siku. Alichipusha wimbi kwenye kitambaa chenye maji, juu ya kabati. Baada ya muda, mchana mmoja, Nandudu alishika ukuta, akasimama, akauacha ukuta, akaja kwangu. Mama alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Mimi nilikimbilia nyuma ya mlango nikalia. Nilijua ile ni miguu ya nani.

Sasa Mafabi ni dereva wa lori, anapita na barabara ya Kenya, kazi ya kukaa. Wimbo wake waliuimba Mbale miaka mingi, na miaka mingi hakukanyaga kule. Nandudu anaishi kule kule, anauza mboga, anatembea mtaa wote wa Nkoma, nyumba kwa nyumba, beseni kichwani. Siku hizi Mafabi akipita Mbale anasimamisha lori, anamtafuta, na akimwona anapaza sauti, "Wewe! Rudisha miguu yangu!"

"Njoo uichukue kama utanikamata!" Nandudu anamjibu, na anakimbia kweli, na beseni lake.

Wanacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Mafabi ndicho kinachokwisha kwanza. Mimi nikiwa kule huwa naangalia.

Kwenye kitabu chetu cha darasa kuna ukurasa wa nafaka zilizochipua. Nimeusoma mara mbili, kidole kwenye mstari, bila kusaidiwa. Unasema punje ikichipua inakata ule uzito wa unga, mtoto dhaifu anaweza kunywa mwingi na kushiba kweli. Hakuna habari ya miguu pale. Basi mama alikuwa sawa. Lakini nilimuuliza mwalimu, na mtama je, nao tuule hivyo hivyo mbichi? Akasema hapana, mtama uliochipua msile mbichi, una sumu, uanikwe, usagwe, upikwe. Hapo nikachanganyikiwa tena. Kwa hiyo kukataza kula kabla ya jua kulikuwa na kitu ndani yake, ila Kukhu alikuwa anakataza kwenye wimbi? Au bibi yake alimwambia habari ya mtama, ikageuka njiani? Sijui. Nimeandika "sijui" hapa na nimeiacha.

Baba mdogo alikufa akisema Kukhu alidanganya kumwokoa mkwe wake. Mama anasema Kukhu mwishoni aliona kwamba ni wimbi tu. Wote wawili hawakuwepo asubuhi ile. Mimi nilikuwepo mlangoni. Kama aliona ni wimbi tu, alipiga magoti kwa nini? Aliongea na nani? Mtu haombi radhi kwa wimbi.

Kukhu aliamini. Aliamini kwamba anachota miguu ya mjukuu mmoja na kumpa mwingine, akasikiliza kengele, akaangalia kikombe, akachota. Alijua kijana anaweza kuishi na goti lililocheza, na mtoto hawezi kuishi na njaa. Halafu mbele ya ukoo akaubeba mzigo huo peke yake. Kitabu hakina neno kwa jambo hilo, au labda mimi bado sijafika ukurasa wake.

Basi niacheni niende, jua linashuka. Nimeloweka wimbi nyumbani, ni la uji tu, halina jina la mtu. Likiwa tayari nitarudi nalo hapa, kila mmoja aje na kikombe chake, na Mama Akello aje na kikubwa. Nimelifunika kwa majani ya mgomba, na kabla sijalifunua huwa napiga hodi.