Meza ya Tatu na Ujira wa Kilo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini nimeshika viatu mkononi. Boti ilitushusha Salale maji yakiwa yamekupwa, na kutoka pale hadi kiwandani ni tope la mikoko mpaka magotini. Ofisa Utumishi, mkuu wangu wa kwanza, aliitazama miguu yangu, akacheka, akanipa ndoo ya maji na boksi la kadi za mahudhurio.

"Karibu, binti. Hapa utajifunza kulipa watu."

Nilidhani kulipa watu ni kujua hesabu tu. Ninyi mnaoanza kazi hii leo huenda mnadhani hivyo hivyo, na wala siwalaumu.

Kiwanda kilinunua kamba kwa wavuvi. Wanawake wa vijiji vya jirani waliwatoa vichwa, wakawaosha na kuwatenga kwa ukubwa kabla ya kugandishwa. Walikaa sita kila meza. Wakati ule walilipwa ujira wa siku, yaani ukifika asubuhi ukatoka jioni unalipwa, uwe umefanya kingi au kidogo. Shida ilikuja wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kamba kuja kwa wingi. Boti zilipanga foleni, kazi ikasuasua, kamba wakaanza kuwa weusi. Meneja Mkuu akabadilisha utaratibu, ukawa ujira wa kilo: kila mtu na ndoo yake, kila ndoo mizanini, na mimi naandika.

Kasi ilipanda siku ileile. Meneja akafurahi, mpaka aliposoma daftari langu.

"Meza ya tatu," aliniambia. "Watu sita, kilo zinalingana, kila siku. Umewahi kuona watu sita wenye mikono sawa?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi wanachezea mizani. Nipe maelezo kabla ya Ijumaa, la sivyo wote sita wanaondoka."

Mmoja wa wale sita, Zuhura, alikuwa ametoka arobaini ya uzazi juzi tu, na kibarua kile ndicho kilichokuwa kikimlisha yeye na mwanawe. Niliiacha mizani, nikageuza ndoo tupu, nikaikalia pembeni mwa meza yao.

"Bi Mwanahawa," nilimuuliza mkubwa wao, "mbona ndoo zenu zinalingana?"

"Ulitaka zigombane?"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Niambie kweli, mama. Meneja anataka kuwafukuza."

Kicheko kikakatika. Bi Mwanahawa akafuta mikono kwa kanga, akanionyesha beseni kubwa katikati ya meza. Kamba wote waliosafishwa waliingia humo, kisha wakagawanywa kwa bakuli kwenye zile ndoo sita.

"Kilo ilipoanza tuligombania kamba wakubwa," alisema. "Wadogo wakabaki wanaharibika. Nani awashike, na kilo yake haifiki leo wala kesho? Na huyu somo yangu, mmoja wetu hapa mezani, anatuletea barafu na kutenga ukubwa kutwa nzima. Mizani yako inamjua?"

"Haimjui."

"Zuhura akiinuka kunyonyesha, je?"

Nikamgeukia Zuhura; Bi Mwanahawa akaendelea.

"Sisi tunawajua. Mpunga tunapandikiza hivihivi, leo kwako, kesho kwangu. Nani anahesabu miche?"

Nilirudi kwenye daftari, nikafungua ukurasa wa kamba waliokataliwa kwa weusi. Meza ya tatu ilikuwa na wachache kuliko meza zote. Ofisi nzima, na elimu yetu, tulikuwa tumebuni kilo. Wao waliiona kasoro yake wakaitengeneza hukohuko kazini, vidole vikiwa ndani ya barafu.

Alhamisi nilimwomba Meneja aje aone mwenyewe. Bi Mwanahawa akamkabidhi kamba mmoja amtoe kichwa. Mwiba ukamchoma.

"Kwa mwendo huo, baba, leo watoto wako watalala njaa!"

Alicheka naye, kisha akasimama kutazama mpaka beseni lilipogawanywa.

"Nani aliwafundisha?" akauliza.

"Kufundishwa nini? Kugawana?"

Ijumaa hakufukuzwa mtu. Bamvua iliyofuata ukaanza ujira wa meza: kilo zinapimwa kwa meza nzima, wenyewe wanagawana. Meza mbili zilikataa, zikaachwa na utaratibu wao. Waliomba pia posho ya maji mafu, siku ambazo kamba ni haba; Meneja aliikataa muda mrefu. Aliikubali pale wanawake walipobaki kwenye mpunga, boti zikafika zikakuta meza tupu.

Baadaye nilihamia ghala la korosho Kibiti, nami sasa nikiwa Ofisa Utumishi. Kwa kiburi changu nikawawekea wapakiaji ujira wa kundi. Haukumaliza wiki. Walitoka vijiji mbalimbali, hawakujuana, kila mmoja alimtuhumu mwenzake kuwa anatega kazi. Wakaniomba kila mtu alipwe kwa magunia yake, nikakubali. Nilikuwa nimechukua beseni nikawaacha watu.

Sasa nimestaafu. Maofisa vijana hunijia na kompyuta zao wakitaka kanuni ya malipo iliyo bora. Ninawapenda kwa bidii yao, na ninawaambia waanze kwa kukaa na watu wanaofanya kazi hiyo, tena kwa siku kadhaa. Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi wenye akili. Bado sijaona aliyebuni malipo yaliyomwona mleta barafu, mzazi anayenyonyesha na kamba mdogo kabisa kwa pamoja, kama walivyofanya wanawake sita wa Salale bila kuomba ruhusa ya mtu.