Majibu ya Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa amekalia kochi lake mwenyewe, lile ambalo tangu mkewe afariki halijapata mgeni, simu ilipoita. Aliidaka mbiombio. Siku nzima hakuwa amesema na mtu, zaidi ya kumwambia mteja kuwa kitambaa kimekwisha.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti ya binti. "Tunafanya utafiti wa afya. Una nafasi kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Nafasi? Ninayo ya kugawa!"

Akazima redio, akajiweka sawa. Alikuwa na hamu ya kuongea mpaka koo linamwasha.

Binti akauliza kama siku za karibuni amekuwa na huzuni isiyoisha. Haya, mtu anayeamka na kukaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai ipoe, angejibu nini? Akasema, "Hapana, mama. Tunamshukuru Mungu." Wala si mwongo, msimwonee. Ndivyo alivyolelewa: mtoto wa watu kakuamkia vizuri, utamtwishaje machozi yako papo hapo? Kwanza mpige stori, umuulize kama kwao hawajambo, ndipo mkishazoeana ulitoe la moyoni. Alikuwa analisogeza taratibu.

Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda?

"Aa wapi! Mzee bado nipo ngangari."

Binti akacheka. "Maswali haya haya yanaulizwa nchi nyingine, baba, na huko wengi wanajibu ndiyo. Huku kwetu ni hapana, hapana. Kumbe tuna raha hivi!"

Raha! Raha gani, jamani? Fundi naye akacheka, huku moyo unamuuma.

"Basi, tumemaliza," binti akasema.

"Tumemaliza? Si ndiyo kwanza tumeanza, mwanangu?"

"Maswali yaliyobaki ni ya waliojibu ndiyo. Wewe huna shida, baba. Ubaki salama."

Simu ikakatika. Alipopiga, akaambiwa namba hiyo haipatikani. Akapiga tena, jibu likawa lile lile. Upweke ukamkaba kweli kweli. Basi mwanamume mzima yule, mwenye mabega ya kubebea mbao, akaisogeza simu mdomoni na kuiambia hivyo hivyo ilivyokatika:

"Ndiyo, mwanangu. Silali. Nalia hata nikiwa napiga misumari."