Koko aliogopa kuanguka mpaka akaacha kutusalimia

Wakuu, mko poa? Hii ni ya nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mashamba ya Kitengela yalikuwa yanakatwa ploti. Baba akauza kipande, akamjengea mama yake nyumba ya mawe. Huyo ndiye koko, nyanya yetu.

Akatolewa kwa nyumba ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake upande wa Kajiado, akaletwa kwa sakafu nyekundu inayopigwa polish kila Jumamosi mpaka inang'aa.

Sisi Wamaasai, mtoto hampi mzee mkono. Anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Koko alipenda hiyo salamu kuliko chai.

Siku moja mtoto wa jirani akaja, akainama mlangoni. Koko akanyoosha mkono, mguu ukateleza, akaanguka chali.

X-ray haikuonyesha fracture. Tukashukuru Mungu, tukadhani imeisha.

Kumbe ndio ilikuwa inaanza. Koko akawa anatembea ameshika ukuta kwa mikono miwili. Watoto wanakuja, wanainama, wanangoja. Hakuna mkono. Wakaacha kuja.

Akaacha kanisa. Akaacha kukama mbuzi.

"Yeyo, wewe kaa tu, usisumbuke," baba akawa anamwambia mama yake.

"Nirudishe kwa nyumba yangu. Ile ya udongo nilikuwa naijua."

"Na watu watasema nini? Ati nimeshindwa na mama?"

Na hiyo polish, wakuu, iliendelea kila Jumamosi, kwa sababu wageni walikuwa wanaisifu! Inaniuma mpaka leo.

Miguu yake ikakonda. Mwishowe hakutoka kitandani tena. Kuanguka hakuanguka tena hata mara moja, na majirani wakampongeza baba kwa kumtunza.

Nilikuja kutoka college nikamkuta amelala, ameshika ukingo wa kitanda. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa karibu kabisa na mkono wake. Nikangoja sana.

"Siwezi kuachilia," akasema. "Nitaanguka."

Tulimzika kabla ya mvua, upande wa Kajiado, karibu na ile nyumba yake ya udongo. Ilikuwa imeshabomoka.

Nilichojifunza ni hiki: mzee akianguka, usimkalishe kama mgeni. Ondoa kinachoteleza, umshike mkono, mtembee naye polepole. Koko hakuvunjika mfupa hata mmoja. Ni woga ndio ulimmaliza, na sisi tukauita heshima.

Kama kwenu kuna mzee anayeshika ukuta, mnafanyaje? Andikeni hapa chini. Nitasoma zote.