Vitabu Alivyochagua Mama Kule Kamukuzi

Enzi zetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, sisi tuliofika kutoka Kivu Kusini na masufuria kichwani, shule ilikuwa raha hata siku ilipokuwa mateso. Tulikaa chini, watoto themanini chumba kimoja, vumbi likituingia mpaka kwenye kope. Saa ya mapumziko wasichana tulicheza kwepena kwa mpira wa matambara, mmoja katikati na wawili wakimlenga, mpaka sketi zikabadilika rangi. Uji wa mahindi tuliunywa kwenye vikopo vya mafuta ya msaada, na aliyechelewa alikomba sufuria kwa kidole. Hayo nayakumbuka nikicheka. Lakini ofisini kwa mkuu wa shule palikuwa na kabati moja la mbao, na nikilikumbuka hilo hasira zinanipanda mpaka leo.

Vitabu vya kwanza vililetwa na lori. Tulipanga mistari, tukaimba, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Maboksi yalipofunguliwa tukakuta kitabu cha kufundisha watu kuendesha gari kwenye theluji. Kingine cha kulea mbwa wa ndani. Kingine cha sheria za kodi za nchi ambayo hata walimu hawakuijua. Mtu fulani huko aliko alikuwa amefagia stoo yake, akaziita takataka zile msaada, akalala usingizi mzuri. Na sisi tulitakiwa kusema asante! Nyingi za karatasi zile ziliishia sokoni kufungia karanga, na kwa maoni yangu zilipata kazi inayozifaa.

Sasa, nyumbani tulikuwa na dada yangu Neema. Vita vilimkuta akiwa darasa la pili, kisha ikaja miaka ya kukimbia na kulala njiani, hata herufi alizozijua zikamtoka. Nakivale alianza upya darasa la kwanza, na Kiingereza juu yake, akiwa na miaka kumi na minne, magoti yake yakiwazidi watoto wa miaka sita mabega. Baba mdogo, aliyekuwa ametubeba sote baada ya baba kufariki, hakupenda kuona hivyo. Alimwambia mama, "Shemeji, mwaka huu moja tu. Kama mwisho wa mwaka Neema hajue kusoma, anabakia ku shamba." Mama akakubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Kuanzia siku ile kila kitu nyumbani kwetu kilipimwa kwa mwaka ule mmoja.

Ndipo ikaja habari njema kweli. Wafadhili wengine walikuwa na chumba cha vitabu vya watoto kule Mbarara, mtaa wa Kamukuzi, na waliiambia shule yetu itume mtu akachague arobaini. Alitumwa Mwalimu Byamungu, Mkongomani mwenzetu, mwalimu msaidizi wa darasa la kwanza. Mtu yule alikuwa na akili zake mwenyewe. Alimwomba mama aende naye, na Neema pia. Mimi nililia mpaka Rwekubo kwenye kituo cha magari, nikachukuliwa ili ninyamaze.

Mtunza chumba alimtazama mama, kitenge chake na ndala zake, akamuuliza mwalimu kwa Kiswahili cha kule, "Huyu mama najua kusoma?"

"Hajue kusoma," Mwalimu Byamungu akajibu. "Anajua batoto."

Mama alikaa chini kwenye sakafu, akanyoosha miguu, kama anavyokaa kuchambua maharage ya mbegu. Wanawake wetu huchambua mbegu kwa mkono, punje moja moja, na hawana haraka, maana punje mbovu ukiila leo ni hasara ya leo tu, lakini ukiipanda umeharibu mwaka. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, akaugeuza kuwa Kiswahili, na mama akamtazama Neema usoni. Neema akiuliza "Halafu?", kitabu kinawekwa kulia. Neema akijikuna, kushoto. Kimoja kilikuwa na picha za kupendeza na jalada gumu, mtunza chumba akakisifu sana. Mama akasikiliza, akakunja uso. "Mutoto anacheka bibi yake, na hakuna mutu anamukanya? Toa hiyo." Kingine kilikuwa cha mtoto mwema anayesali, anayenawa na kutii kuanzia mwanzo hadi mwisho, nasi ni watu wa kanisa, nikadhani hicho kitapita. Mama akapiga mwayo. "Huyu mutoto haiko mutoto. Hajafanya kosa hata moja."

Tulitoka asubuhi tukarudi jua likizama, na vitabu arobaini. Tangu nizaliwe sijaona watu wakichagua kwa haki namna ile. Nimekaa kwenye vikao vya walimu wenye vyeti, nimewaona wakichagua kwa kutazama majalada na kuuliza soda inakuja saa ngapi.

Wiki tatu. Hizo ndizo tulizopewa. Mwalimu aligawa vitabu, watoto wawili kwa kimoja, tukavisoma vichwa vikigongana. Neema alipenda kile cha msichana aliyepoteza jembe la mama yake ziwani akasingizia kiboko. Tulikifahamu kiboko, alikuwa akila mahindi yetu, kwa hiyo darasa zima lilicheka mpaka machozi. Neema alipitisha kidole chini ya maneno, midomo ikicheza, na wiki ya tatu alimsomea mama ukurasa mzima bila msaada. Mama hakuelewa Kiingereza kile, lakini alienda kumwita jirani aje asikie.

Wiki ya nne mkuu wa shule aliingia darasani, akaona alama ya kidole chenye uji kwenye ukurasa.

"Hii vitabu iko mpya!" akafoka. "Nyinyi mikono iko chafu. Wageni ikikuja, mimi nitasema nini?"

Vyote arobaini vikaingia kabatini, kufuli likafungwa. Darasani tukarudishiwa mbwa wa ndani na theluji. Mwalimu Byamungu alilalamika, akakumbushwa kwamba yeye ni msaidizi na wenye kutafuta nafasi yake ni wengi. Mama akaenda mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa adabu zote. "Patron, nilichagua bitabu juu batoto basome, haiko juu ya kupamba kabati." Akajibiwa kwamba ni mali ya shule na kwamba yeye hajui mambo ya elimu.

Wageni walipokuja tulinawishwa mikono, tukapewa vitabu, tukaambiwa tutabasamu. Picha zikapigwa. Neema hakutazama kamera hata mara moja, alikuwa anatafuta ukurasa alioachia. Magari yakiwasha injini, vitabu vinakusanywa. Tangu kufuli lile, muhula mzima alisoma kurasa tatu.

Mwisho wa mwaka baba mdogo alimpa gazeti la kanisa la Kiingereza asome. Neema akasoma neno la kwanza, la pili, la tatu likamshinda, akaendelea kulitazama. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alilikunja gazeti taratibu, na kesho yake Neema akaamka na jembe.

Mkuu yule alipohamishwa, nilikuwa nimeshamaliza shule. Kabati lilifunguliwa mbele ya wazazi, vitabu vikatolewa vikiwa safi, vinang'aa. Akapigiwa makofi kwa utunzaji wake! Nilisimama nikaondoka kabla sijatukana mtu mzima.

Leo nafundisha darasa la kwanza huku Kakiika, Mbarara, na vitabu vyangu vimechanika, vina mafuta ya maandazi, kimoja mbuzi alikila kona. Sioni haya. Vijana wa sasa wana simu mfukoni yenye hadithi za dunia nzima, ukiwapa kurasa mbili wanasema ni ndefu. Sisi ukurasa tuliungojea mpaka mgeni aje. Enzi zile nazitamani bado, vumbi lake, uji wake, mama amekaa sakafuni Kamukuzi. Lakini asiniambie mtu kwamba zilikuwa nzuri kwa kila mtoto.

Mwezi uliopita Neema alinitembelea. Mumewe yuko Kampala anatafuta kazi. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Akanipa, akanigeuzia mgongo. Nikamsomea maneno ya mume kwa mkewe, maneno ambayo mdogo mtu hakupaswa kuyajua, sauti yangu ikipungua kila mstari. Nilipomaliza niliinamia simu ile kwa aibu.

"Mudogo wangu," akasema, bado amenipa mgongo, "umuandikie, na mimi namupenda."

Nikaandika.