Hybrid yangu ya kilomita laki tatu ilivyotaka kuninyima mke Mbale

Wakuu, habari za humu ndani.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa wala sijatia chumvi. Hata jogoo mtakayemkuta humu alikuwepo.

Mimi ni mtu wa Jinja. Nimekulia Walukuba, kwenye zile kota za wafanyakazi wa viwandani, uani kumejaa makabila ya kila aina, hivyo Kiswahili tulikipata bure pamoja na surua.

Naendesha special hire, yaani teksi ya kukodi. Gari langu ni hybrid ya Kijapani, ya petroli na umeme, odometa imeshapita laki tatu, na bado linakunywa mafuta kama limefunga Ramadhani.

Wenzangu wa stendi hunicheka. Wanasema hybrid ikizeeka haina dawa, betri kubwa ikifa unalisukuma gari hadi kwa wauza vyuma chakavu.

Mimi nabisha, na leo nabisha tena hapa: hybrid haiuawi na uzee, inauawa na kupuuzwa.

Oili nabadilisha kabla ya wakati wake. Maji ya kupoza nakagua ya injini na ya inveta pia, maana wengi hawajui kwamba inveta ina tangi lake. Plagi, mafuta ya breki, ile betri ndogo, vyote navikagua. Skana ya kuchomeka ninayo, inanisomea joto la betri kwenye simu.

Halafu kuna feni ya betri kubwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo kisa kilipo.

Betri kubwa imelala nyuma, na inapozwa na hewa ya mle mle ndani ya gari. Pembeni mwa siti ya nyuma kuna tundu lenye vipande vya plastiki, kama kidirisha. Feni inavuta hewa hapo. Likiziba, betri inachemka. Ikiendelea kuchemka, gari limeshageuka makochi ya kukalia uani.

Nikitoka kubeba watu Budondo na vumbi lake, kitu cha kwanza ni kufungua chujio la lile tundu na kulisugua kwa mswaki. Majirani wanajua. Mke wa jirani aliwahi kuniuliza kama natumia na dawa ya meno.

Sasa, Zaituni.

Zaituni ni mwalimu hapa Jinja, lakini kwao Mbale, kule chini ya mlima Wanale. Tulipoelewana, akaniambia lazima nikajitambulishe kwao. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu. Wote nyumbani wanamwita Afande, hadi mama yake Zaituni.

Akanionya mapema: "Hamza, saa nne kwa baba ni saa nne. Mchumba wa dada alifika saa sita, akarudishwa kutoka getini. Akaambiwa ajaribu tena mwaka ujao."

Nikauliza, je, alijaribu?

"Alioa kwingine."

Wakuu, nililifanyia gari sevisi ambayo hata rais hafanyiwi. Chujio la feni nililisugua mpaka likang'aa. Nikajiambia, kama kuna kitu kitanichelewesha, hakitatoka kwenye gari hili.

Na kweli, hakikutoka kwenye gari.

Wazee wetu walitangulia na basi dogo la kukodi. Lakini bila mimi na zawadi hawangeweza kuingia getini. Gari langu lilikuwa na watu watatu: mimi kwenye usukani, binamu yangu Badru pembeni kama msemaji, na nyuma shangazi yetu kutoka Buwenge, ambaye sisi tunamwita Senga.

Senga ndiye mwangalizi wa zawadi. Kwenye ukoo wetu kuna mila moja: shangazi akishapanda na zawadi za ukweni, hashuki hadi mlangoni kwa wakwe. Hashuki kunyoosha miguu wala kwenda chooni. Akiachana na zawadi njiani, ndoa nayo inaachana. Ndivyo wanavyoamini, na Senga anaamini kwa niaba ya ukoo mzima.

Alikuwa amevaa gomesi, lile gauni refu la mabega ya kusimama, kitambaa kimetandaa siti nzima. Pembeni yake vikapu, sukari, kanzu ya Afande, na jogoo mwekundu wa kumpa kaka wa bibi harusi. Jogoo huyo ndiye mwenye heshima kuliko zawadi zote. Nilimwomba Senga tumweke kwenye buti, akaniangalia kama nimemtukana marehemu babu.

Tukatoka Jinja mapema, raha mustarehe. Iganga tukapita. Tukashika barabara ya Tirinyi, gari linateleza kimya, Badru anafanya mazoezi ya hotuba.

Tumepita Namutumba, nikasikia injini haizimi. Hybrid barabara tambarare huwa inapumzisha injini. Hii ilikuwa inanguruma tu. Kisha gari likaanza kuwa zito, na dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu.

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye pedali.

Nikaegesha mahali watu wanaanika mpunga kando ya lami, kwenye maturubai. Nikachomeka skana. Betri inachemka!

Nikafungua boneti. Najua, betri iko nyuma, lakini mtu akichanganyikiwa anafungua boneti. Kila kitu kilikuwa safi. Watu wakajaa. Mmoja akasema ni rejeta. Mwingine akasema gari la umeme limwagiwe maji. Mzee wa baiskeli akasema niuze.

Nikarudi nyuma. "Senga, naomba ushuke kidogo nikague hapo pembeni yako."

"Mimi hapana shuka."

"Senga, gari ni bovu."

"Gari ni bovu, mila iko mzima. Kwa geti ya wakwe ndio nashuka."

"Basi sogea."

"Nasogea wapi? Nakaa juu ya jogoo?"

Nilijaribu kupenyeza mkono chini ya gomesi lake kutafuta lile tundu. Wakuu, kofi nililopigwa mbele ya umati wa Tirinyi sitalisahau. Mwanamke mmoja wa mpunga akapiga makofi.

Hapo hapo simu ikaita. Afande. Badru akaninyang'anya.

"Iko wapi nyinyi?"

"Kamonkoli, afande! Tumefika!" Kamonkoli ilikuwa mbele kabisa, wakuu, Kamonkoli tulikuwa tunaisikia tu.

"Kamonkoli upande gani? Mbele yako naona nini?"

Badru akaangalia huku na huku, akaona kivuli cha mlima mbali sana. "Naona mlima, afande."

"Mlima hata mtu ya Soroti naona," akasema Afande, akakata.

Sitaki kudanganya, niliogopa. Akilini nilimwona Zaituni amekaa ndani amevaa vizuri, anasikiliza saa ya ukutani, na baba yake anafunga geti. Nikakaa kwenye lami, nikashika kichwa.

Badru, kwa huruma yake, akafungua mlango wa nyuma ili Senga apate hewa.

Jogoo akaipata yeye.

Aliruka kutoka kwenye kikapu, akampiga Badru kifuani, akatua katikati ya mpunga wa watu na kuanza kula. Mwenye mpunga akapiga yowe. Watoto wakamkimbiza, mzee wa baiskeli akaanguka na baiskeli yake.

Tukamgeukia Senga. Amekaa, macho yamemtoka, mila imemkaba shingoni. Hashuki. Lakini pia haachani na zawadi.

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya hakimu: "Zawadi imeshuka."

Na Senga akashuka! Gomesi ameshika kwa mikono miwili, viatu amevitupa, akaingia kwenye mpunga kama mshambuliaji aliyeona goli. Sikujua kama yule mama ana mbio zile.

Mimi sikumfuata. Nilirukia siti ya nyuma.

Pale kwenye tundu la feni, lile nililolisugua kwa mswaki, palikuwa pameshindiliwa sweta zima la sufi. Limesukumwa kwa vidole, likabanwa na mto, hakuna hata upenyo wa nzi.

Nikalivuta. Feni ikapiga mluzi kama mtu aliyetolewa majini. Nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho, milango nikaifunga, nikabaki naangalia joto linashuka kwenye simu.

Senga akarudi na jogoo kwapani, wote wawili wanahema. Nikamwonyesha sweta.

"Eeh, hiyo mimi ndio naweka," akasema. "Hiyo tundu inavuta manyoya ya jogoo. Mimi nasema, hapa iko baridi, jogoo itapata mafua mbele ya wakwe."

"Senga, hiyo ni pua ya gari! Umeliziba pua tangu Jinja!"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Sasa kwa nini wewe hapana niambia?"

Nikalirusha sweta kwenye buti, tukapanda, tukaondoka.

Tulifika Mbale tumechelewa vibaya. Wazee wetu wamekaa kwenye kivuli cha basi, wamenuna. Getini amesimama Afande, suruali imepigwa pasi inaweza kukata nyanya.

Badru hakukoma. "Afande, sisi tuko hapa muda mrefu. Ni vile gari hii haina mlio."

Afande akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa haraka.

"Hii inafika sasa hivi."

Nyuma yake, dirishani, nikamwona Zaituni amefunika mdomo.

Nikasema, "Ni kweli, mzee. Gari ni kuukuu, limetusumbua njiani." Wakuu, sijawahi kulisema vibaya gari lile mbele ya mtu. Lakini ningemtaja vipi Senga mbele ya wakwe? Shangazi akiaibika getini, hata hotuba haianzi.

Afande akanitazama juu mpaka chini. "Wewe gari yako hapana tunza. Msichana yangu utatunza namna gani?"

Hilo liliniuma kuliko kofi la Tirinyi. Nikaona mchezo umekwisha.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Senga akashuka, peku, mpunga umemganda kwenye gomesi, jogoo mkononi. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, kama mila inavyotaka, ila sauti haikupiga magoti.

"Afande, hii mtoto gari anatunza. Anasugua na mswaki! Mimi ndio naziba pua ya gari na sweta, sababu ya jogoo yenu. Kama nafukuza mtu, fukuza mimi."

Afande akamtazama Senga, akamtazama jogoo, akaitazama miguu ile peku. Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Wakuu, yule mzee alicheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo ya geti. Mama Zaituni alitoka ndani mbio akidhani ni ugonjwa.

"Na mswaki?" aliniuliza, anajifuta machozi.

"Na mswaki, afande."

"Kale, sawa. Ingia. Lakini kijana, gari unatunza, abiria hapana fundisha. Hiyo ni kosa ya dereva."

Akafungua geti mwenyewe.

Wenye hybrid za mwendo mrefu, mafunzo ni haya. Lijue tundu la feni yako, lisafishe, usirundike mizigo hapo wala kutandika mashuka juu yake. Taa ikiwaka simama, usilazimishe. Na kila anayepanda nyuma mwambie gari linapumulia wapi, hata kama ni mkubwa wako. Nilisugua plastiki miezi na miezi, nikashindwa kusema sentensi moja.

Tumeshaoana. Siku ya kwanza namchukua Zaituni kama mke wangu, nilimfungulia mlango wa mbele kwa madaha. Hakuingia. Akasimama na mkoba wake, akaniambia, "Hamza, kabla sijakaa, kuna kitu gani kingine hujaniambia?"

Tulichelewa kuondoka, maana ilibidi nianze kusema.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wa hybrid, betri zenu zimefika kilomita ngapi? Na shangazi zenu mnawakalisha upande gani?